Waliokata Tamaa Kule Filipi



Kijana mmoja wa hapa Soga aliniuliza baada ya Misa: “Padre, kama ungekuwa karibu na Cassius, ungemwambia nini asijiue?” Alikuwa akisoma *Juliasi Kaizari*, tamthilia ya Shakespeare iliyotafsiriwa na Mtumishi wa Mungu Mwalimu Julius Nyerere, ikatoka mwaka 1963 na kusahihishwa mwaka 1969. Nilikaribia kumjibu kwa Katekisimu, nikasita. Nilipomuuliza sababu ya swali lake, alisema ana rafiki.

Tumtazame kwanza Cassius. Vita vinapiganwa Filipi, mwaka 42 kabla ya Kristo. Anamtuma Titinius akaone kama kikosi cha mbali ni cha rafiki au cha adui, na kwa kuwa macho yake ni dhaifu, anampandisha mtumwa wake kilimani atazame kwa niaba yake. Mtumwa anaona Titinius akizingirwa na wapanda farasi, anatoa habari kwamba ametekwa. Cassius hasubiri. Anafariki kwa mkono wa mtumwa huyo, ambaye hawezi kukataa amri ya bwana wake. Kumbe waliomzunguka Titinius walikuwa wenzao, wakishangilia! Titinius anarudi na shada la ushindi, anakuta maiti.

Miaka ipatayo tisini baadaye, katika mji huohuo wa Filipi, askari wa gereza anaamka usiku baada ya tetemeko la nchi, anaona milango wazi (Mdo 16:25-34). Anadhani wafungwa wametoroka, na anajua adhabu inayomngoja. Yeye pia ameamini habari isiyo kweli. Lakini gizani yumo Paulo, aliyepigwa mchana na kufungwa miguu, naye anapaza sauti kumzuia, akimjulisha kwamba wote bado wamo humo.

Tazameni ufupi wa maneno yale. Paulo hamkemei wala hamtishi kwa moto wa milele. Anamsahihisha jambo moja tu, na kumhakikishia kwamba hayuko peke yake. Mafundisho na ubatizo vinafuata baadaye, pamoja na kuoshana majeraha na chakula mezani.

Ndivyo nilivyomjibu kijana yule: Cassius ningemwomba angoje Titinius arudi, nami ningekaa naye. Kwa rafiki yake nilimshauri amuulize waziwazi kama anafikiri kujiua. Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo. Asimwache peke yake, amweleze mtu mzima wanayemwamini, wamfikishe hospitali, kwetu ikiwa Tumbi, Kibaha. Siri ya namna hii haitunzwi. (Siri ya Kitubio ni jambo jingine, lakini hata humo padre atamsihi mtu atafute msaada.)

Katekisimu niliirudia mwishoni. Inafundisha kwamba sisi ni mawakili wa uhai tuliokabidhiwa na Mungu, si wenye mali (2280). Inafundisha pia kwamba maradhi mazito ya akili, uchungu au hofu kubwa huweza kupunguza wajibu wa aliyejiua (2282), na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wake, kwa maana Kanisa linamwombea (2283). Ninyi mliofiwa kwa njia hiyo, na bado mnasemwa vibaya na majirani: leteni nia zenu za Misa kwa majina kamili ya marehemu wenu.