Mafunzo ya ufundi na ujira wa mfanyakazi

Mfanyakazi arejeapo kutoka mafunzo ya ufundi na kuongezewa ujira, watu husema mara moja kwamba mafunzo yamemfaa. Ushahidi huo ni dhaifu kuliko uonekanavyo. Mwaka 1978 mtaalamu wa uchumi wa Marekani, Orley Ashenfelter, alichapisha uchunguzi juu ya watu waliofundishwa ufundi mwaka 1964 kwa gharama ya serikali ya nchi hiyo. Aligundua kwamba mapato yao yalikuwa yameshuka katika mwaka uliotangulia mafunzo. Aghalabu mtu huingia darasani wakati mambo yamemwendea vibaya, na pengine mapato yake yangepanda tena hata bila ya kusoma. Kwa hiyo kulinganisha ujira wa kabla na wa baada huyapa mafunzo sifa isiyo yao. Hata alipoliangalia jambo hilo, Ashenfelter alikadiria nyongeza ya dola 150 hadi 500 kwa mwaka kwa wanaume, nayo ilipungua kufikia kama nusu baada ya miaka mitano. Nyongeza ya wanawake, dola 300 hadi 600, haikuonyesha kupungua.

Njia iliyo madhubuti zaidi ni ile itumikayo katika majaribio ya dawa: watu wa hali moja hugawanywa kwa kura, wengine wakapewa mafunzo na wengine wakaachwa ili wawe kipimo.

Jaribio la namna hiyo lilianza nchini Uganda mwaka 2012, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2020. Wafanyakazi vijana 1,700 na karakana 1,500 walifuatiliwa kwa miaka minne. Baadhi ya vijana walipelekwa chuoni kwa miezi sita kujifunza kazi kama uchomeleaji, umakanika, ushonaji na ususi. Wengine walifundishwa kwa muda uleule ndani ya karakana, mwenye karakana akilipwa kwa kuwafundisha. Kundi la tatu halikupewa lolote.

Ujuzi wa makundi mawili ya kwanza, ulipopimwa kwa mtihani, ulikaribiana. Waliofunzwa karakanani walifaidi upesi, na si ajabu, kwani tayari walikuwa na mwajiri. Wahitimu wa chuo walichelewa. Lakini miaka ilivyopita faida ya wale wa karakana ilififia, ilhali ya wahitimu wa chuo ilidumu, hata ajira na mapato yao yakawapita wenzao.

Tofauti hiyo ilitokea pale kazi ilipokatika. Wahitimu wa chuo walipokosa kazi walipata wa kuwaajiri kwa haraka zaidi. Yaelekea sababu ni cheti: aliyefunzwa karakanani ana ujuzi mikononi, lakini mwajiri mpya hana budi kumwamini kwa maneno matupu. Wale wanaokidharau cheti kuwa karatasi tu wangefanya vyema kuutazama ushahidi huu.

Nchini Tanzania, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, huwapima mafundi waliojifunza kazi nje ya vyuo na kuwapa vyeti wanaofaulu. Seremala wa namna hiyo haongezewi ujuzi mkubwa kwa kupimwa, kwani randa ameishika miaka mingi. Ikiwa mambo ni kama yalivyokuwa Uganda, anachopata ni njia fupi ya kurudi kazini siku karakana yake itakapofungwa.