Usalama wa Meli Huanzia Ofisini

Meli inapozama, wa kwanza kutafutwa ni nahodha. Ni haki aulizwe. Lakini ajali nyingi za baharini huanza nchi kavu, kwenye meza za watu ambao siku hiyo hawakupanda chombo.

Tuangalie feri ya Uingereza, Herald of Free Enterprise. Jioni ya 6 Machi 1987 iliondoka bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji, kuelekea Dover, milango yake ya omo ikiwa wazi. Maji yakaingia sitaha ya magari, na kwa muda mfupi sana feri ikalala ubavu. Watu 193 walikufa. Baharia aliyepaswa kuifunga milango alikuwa usingizini chumbani mwake. Ofisa aliyetakiwa kuhakikisha kazi hiyo imefanyika alikuwa anatakiwa pia awe juu kwa nahodha wakati wa kung'oa nanga, naye mtu hawezi kuwa mahali pawili. Nahodha hakuweza kuiona milango kutoka pale alipo. Utaratibu uliozoeleka ulikuwa kwamba asipoletewa habari ya kasoro, achukulie kuwa mambo yako sawa.

Kinachouma zaidi ni kwamba ofisi ilikuwa na habari. Mwaka 1983 meli nyingine ya kampuni hiyohiyo ilisafiri milango ikiwa wazi, na manahodha waliomba wawekewe taa ya kuwaonyesha kama milango imefungwa. Ni taa tu waliyoomba, na ofisi ikapuuza. Jaji Sheen, aliyeongoza uchunguzi, alisema wazi kuwa uzembe uliienea kampuni kutoka juu hadi chini.

Mwaka 1993 IMO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa baharini, lilipitisha kanuni za usimamizi wa usalama, ISM, ambazo zikawa lazima kwa meli za abiria kuanzia 1 Julai 1998. Zinaitaka kampuni iandike nani anawajibika kwa lipi, ijikague, na itamke kwamba nahodha ndiye mwenye kauli ya mwisho katika usalama. Roho ya kanuni hizi, kwa maoni yangu, ni sharti moja: kampuni iteue mtu wa nchi kavu ambaye baharia yeyote anaweza kumfikia, na ambaye mlango wa mkuu wa kampuni uko wazi kwake. Laiti mtu huyo angekuwapo, ombi la ile taa lisingefia njiani.

Kanuni, hata hivyo, hugeuka makaratasi upesi. Fomu ya ukaguzi hutiwa alama za vema kabla mtu hajashuka kuangalia mashine. Kampuni inayomaliza mwaka bila taarifa hata moja ya hatari iliyoponewa chupuchupu isijipongeze. Yaelekea mabaharia wake wanaogopa kusema, hasa wale wa mikataba ya miezi michache.

Kwetu Tanzania kuna pengo jingine. Kanuni hizo zimo katika SOLAS, mkataba wa usalama wa maisha baharini, unaohusu safari za kimataifa; safari za ndani zimeachiwa sheria za kila nchi. MV Spice Islander I, iliyozama usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 ikienda Pemba, ilikuwa katika safari ya ndani, na ilijaa kupita kiasi. Vivyo hivyo MV Nyerere, iliyopinduka Ziwa Victoria karibu na kisiwa cha Ukara 20 Septemba 2018: uwezo wake ulikuwa watu 101, na waliokufa peke yao walizidi 200. Nahodha anaona umati gatini, lakini mauzo ya tiketi hayako mikononi mwake.

Kwa hiyo wakaguzi wasiishie kuhesabu majaketi okozi. Kabla ya kuhuisha leseni ya chombo chochote cha abiria, cha baharini au cha ziwani, waingie ofisini na kumuuliza mwenye chombo: ni lini nahodha wako alikataa kuondoka, na wewe ulimjibu nini?