Kabla ya Kulipia Holda 400 za Taa

Wazee wetu walituachia methali isemayo, "Rahisi huvunja upishi." Leo nataka tuitazame methali hiyo katika kitu kidogo ambacho wengi wetu hatukifikirii kabisa: holda ya taa, yaani kile kikombe kinachoshika balbu. Nazungumzia hasa zile holda zinazouzwa zikiwa zimekwisha kufungwa nyaya, ambapo fundi hubakiwa na kazi ya kuziunganisha na nyaya za jengo tu.

Swali limetoka kwa kamati ya soko moja. Wameamua kuweka taa katika vibanda 400, balbu moja kila kibanda. Fedha wamechangishana wenyewe. Wauzaji wawili wamewapa bei, na tofauti kati yao ni shilingi 300 kwa kila holda. Wajumbe wanauliza: kuna ubaya gani kuchukua ile ya bei nafuu? 300 mara 400 ni shilingi 120,000, na hizo ni jasho la wachuuzi wadogo.

Swali ni la haki kabisa. Lakini bei peke yake haiwezi kutoa jibu. Mtu akinunua holda moja ikawa mbovu, ataitupa na kununua nyingine. Akinunua 400 zilizotoka kiwanda kimoja, kosa moja la kiwanda hicho limo ndani yake mara 400, nalo halionekani kwa sababu limefunikwa na plastiki. Anayenunua holda zenye nyaya tayari ananunua pia kazi ya fundi ambaye hajapata kumwona. Kazi hiyo ndiyo ya kukaguliwa, na ikaguliwe kabla fedha haijatoka mkononi.

Sisemi holda hizo zisinunuliwe. Faida zake ni za kweli. Fundi anaokoa muda mwingi, na kiungo kilichobanwa vizuri na mashine huwa imara kuliko kile kilichokazwa kwa bisibisi juu ya ngazi wakati wa jua kali. Basi hebu tuone mambo ya kuangalia.

Kwanza, mdomo wa holda. Balbu za kawaida ni za namna mbili: za pini, zinazosukumwa na kuzungushwa kidogo, ambazo huandikwa B22, na za kuzungusha kama skrubu, ambazo huandikwa E27. Namba hizo ni upana kwa milimita. Nchi zetu zilirithi za pini kutoka kwa Waingereza, lakini leo madukani zimo zote mbili. Kamati iulize maduka ya jirani yanauza balbu gani kwa wingi, kisha ichague aina moja kwa soko zima. Ukichanganya aina mbili, kila balbu ikiungua pana ubishi.

Pili, na hili ni la uhai. Katika holda ya kuzungusha, waya wa moto unatakiwa kufika kwenye kile kidoti cha chini katikati, na nyutro ishike ule ukuta wenye mizunguko. Zikigeuzwa, taa itawaka vizuri vilevile, na hakuna atakayejua. Lakini siku mama muuza samaki, amesimama kwenye sakafu yenye maji, atakapobadilisha balbu bila kuzima, vidole vyake vinaweza kugusa ukuta ule, nao una umeme wa volti 230. Kwa hiyo fundi achukue mita, aweke ncha moja kwenye waya wa moto na nyingine kwenye kidoti cha katikati. Mita ilie hapo, na isilie kwenye ukuta.

Tatu, rangi za nyaya. Katika nyumba zetu nyingi za zamani, nyekundu ni moto na nyeusi ni nyutro. Utaratibu wa kimataifa wa leo ni kahawia kwa moto, bluu kwa nyutro, na kijani chenye mstari wa njano kwa waya wa ardhi. Waingereza wenyewe walianza kuhamia rangi hizo kwa nyaya za majengo mwaka 2004, na mwaka 2006 zikawa ndizo za lazima. Lakini holda iliyofungwa kwa ajili ya soko la Marekani huwa na waya mweusi kuwa ndio wa moto, na mweupe kuwa nyutro. Fundi aliyezoea kwamba nyeusi ni nyutro ataigeuza bila kujua. Muuzaji aandike katika ankara kila rangi ina kazi gani, na mita ithibitishe.

Nne, waya wenyewe. Uwe wa shaba. Upo waya wa alumini uliopakwa shaba kwa juu, nao kwa macho hauna tofauti. Sumaku haisaidii, kwa kuwa haivuti shaba wala alumini. Mkwaruze kwa kisu: ukiona weupe ndani, si shaba tupu. Au pima uzito, kwani shaba ni nzito zaidi ya mara tatu kuliko alumini. Kisha shika holda kwa mkono mmoja na uvute waya kwa mwingine. Ukichomoka au ukicheza, holda hiyo haina kibanio cha kuushikilia, na uzito wote utaning'inia kwenye viungo.

Tano, urefu. Holda nyingi za bei nafuu huja na vipande vya waya vya sentimita 15 hivi. Kama boksi la maungio liko mbali zaidi, fundi atalazimika kuunga kila waya. Nyaya mbili kwa holda, mara 400, ni maungio 800 ya ziada, mengine yakiwa yamefungwa utepe tu na kuachwa hewani. Hapo zile shilingi 120,000 zinaweza kwisha kwa waya, utepe na ujira. Pimeni kwanza kutoka kwenye boksi hadi pale balbu itakaponing'inia, kisha agizeni urefu huo.

Tena, wayambamba wa holda umekusudiwa kubeba balbu yake moja tu. Balbu ya LED ya wati 9 huvuta ampea 0.04 hivi, jambo jepesi. Lakini mafundi wengine huunga holda kwenye mkia wa holda nyingine, mpaka waya wa kwanza unabeba mstari mzima. Taa 100 za wati 9 ni wati 900, kama ampea 4. Wachuuzi wakiweka balbu za zamani za wati 60, mstari uleule utavuta ampea 26. Waya wa namna hiyo utachemka, na soko la mbao na maturubai halihitaji moto mkubwa ili liteketee. Kila holda iungwe kwenye waya mkuu, na kila mstari uwe na swichi yake ya kujikata.

Sasa, tununueje? Ombeni sampuli kumi, nanyi wenyewe mzichague kutoka maboksi tofauti. Fundi mwenye leseni azipime, na mbili zipasuliwe mpaka ndani. Ulizeni alama ya TBS, na kama holda zimetengenezwa kwa kufuata viwango vya kimataifa: IEC 60238 kwa za kuzungusha, IEC 61184 kwa za pini. Sampuli iliyokubaliwa itiwe saini na pande zote mbili, moja ibaki kwenu na moja kwa muuzaji. Mzigo ukifika, chagueni tena chache mlinganishe. Sehemu ya malipo ibaki mpaka ukaguzi huo umalizike. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Kwa hiyo, jibu langu kwa kamati ni hili. Ile holda ya bei nafuu ikifaulu vipimo hivi, inunueni bila wasiwasi, na shilingi 120,000 mzirudishe kwenye mfuko wa soko. Ikishindwa hata kimoja, msiichukue hata ikishushwa bei tena. Siku ya kuwasha taa zote 400 zitang'aa, nzima na mbovu. Ubaya utajulikana baadaye, na atakayeujua ni yule aliyenyoosha mkono kubadilisha balbu.

Kwa leo naishia hapo. Tukijaliwa, tukutane wiki ijayo. Kwaherini.