Sarpagandha, Mzizi wa Bara Hindi

Katika misitu ya Bara Hindi huota mti mdogo ambao kwa kawaida haupiti kiuno cha mtu. Majani yake hukaa matatu matatu kuzunguka shina, maua ni meupe yenye wekundu kidogo, na matunda yakiiva huwa meusi. Jina lake ni sarpagandha. Sarpa kwa Kisanskriti ni nyoka. Waganga wa Ayurveda, yaani elimu ya kale ya tiba ya Wahindi, waliwapa mizizi yake watu walioumwa na nyoka, waliokosa usingizi, na zaidi wenye wazimu. Huko Bihar watu waliiita dawa ya wendawazimu.

Habari ya nyoka haikuthibitika, bali ile ya wazimu ilikuwa na kweli ndani yake. Mwaka 1931 madaktari wawili wa Calcutta, Gananath Sen na Kartick Chandra Bose, waliandika kwamba unga wa mzizi huo huwatuliza wenye wazimu na kushusha shinikizo la damu, lile liitwalo presha. Ulaya haikusikia. Mwaka 1949 Daktari Rustom Jal Vakil wa Bombay alichapisha katika jarida la madaktari la Uingereza habari za wagonjwa 50 wa presha aliowatibu, ndipo masikio yalipofunguka. Mwaka 1952 wataalamu wa kampuni ya Ciba, mjini Basel, Uswisi, walipata kiini cha dawa hiyo, wakakiita reserpini.

Mishipa ya fahamu huweka akiba ya vitu inavyotumia kupelekeana habari. Reserpini huimaliza akiba hiyo. Moyo hupiga polepole, mishipa ya damu hulegea, na mtu hutulia. Hapo ndipo penye hatari, maana madaktari waliona wagonjwa wengine, hasa waliopewa nyingi, wakizama katika huzuni kuu hata kutaka kujiua. Kipimo cha kawaida cha presha kwa siku hakifiki miligramu moja. Tena mizizi haifanani: mmoja una dawa nyingi, wa pili kidogo, na jicho halioni tofauti. Basi ajichimbiaye na kujisagia mwenyewe hajui amemeza kiasi gani. Siku hizi madaktari wengi hutanguliza dawa nyingine.

Mizizi ilichimbwa mno, na mwaka 1955 Serikali ya India ikazuia kuiuza nje. Wanunuzi wakageukia mti wa jamii hiyo ulioko Kongo. Afrika Mashariki nayo ina ndugu yake, msesewe, ambao Wachaga hutia maganda yake katika mbege ili ipate uchungu.