Tundu Moja, Mabomba Mawili

Wanangu, maji yanayofika majumbani Malindi na Kilifi yanatoka, kwa sehemu kubwa, mahali pamoja: Baricho, kando ya mto Sabaki, ambako visima huvuta maji yaliyochujwa na mchanga wa mto. Kutoka hapo bomba husafiri, hata Mombasa hufika, na kila penye watu wanaongoja maji hutolewa tawi. Mmeshamwona fundi bomba akitoa tawi. Anafunga valvu, anakata bomba, anafuta maji kwa kitambaa, anatia tii, kile kipande chenye midomo mitatu, na kabla ya adhuhuri maji yanatoka upande wa pili.

Sasa niwaulize. Ikiwa bomba limelala chini ya bahari, mita 800 kwenda chini, tena si bomba moja bali mawili, moja limetiwa ndani ya jingine, tawi litatolewaje? Wahandisi hukaa na swali hilo miezi mingi kabla chuma hakijakatwa. Nataka mlijue jibu lake, kwa sababu ndani yake mna fizikia yote mnayofundishwa darasani, na kwa sababu bahari inayozungumzwa huenda siku moja ikawa hii yetu.

Tuanze na sababu ya kuwa na mabomba mawili. Kati ya mwaka 2018 na 2019 malori yalibeba mafuta ghafi kutoka Lokichar, Turkana, hadi Mombasa, na mwezi Agosti 2019 shehena ya kwanza ikapakiwa melini kwenda ng'ambo. Malori hayo hayakuwa na matangi ya kawaida. Yalibeba matangi yaliyofungwa kwa tabaka la kuzuia joto lisitoke, kwa kuwa mafuta ya Turkana yana nta nyingi, na yakipoa huganda. Mnayajua mafuta ya nazi mwezi wa Julai, kusi linapovuma na asubuhi ina ubaridi: chupa iliyokuwa angavu jana usiku imekuwa nyeupe, ukiipindua hakitoki kitu. Mafuta ghafi yenye nta hufanya hivyo hivyo, ila ndani ya bomba la kilomita nyingi hakuna wa kuianika chupa juani.

Wenzetu wa Uganda wana mafuta ya aina hiyo. Ndiyo maana bomba la kutoka Kabaale, Hoima, hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, limebuniwa kupashwa moto njia nzima, mafuta yasishuke chini ya nyuzi 50 za selsiasi. Hilo hupita nchi kavu. Chini ya bahari mambo ni magumu zaidi. Katika kina cha mita 1,000 Bahari ya Hindi, hii hii yenye mchanga unaowaunguza miguu pale Watamu, ina maji ya chini ya nyuzi 10. Mwaka 2012 kampuni ya Apache ilichimba kisima kilichoitwa Mbawa katika maji ya Kenya, pahali penye kina cha zaidi ya mita 800. Walikuta gesi, lakini si ya kutosha kuifanyia biashara. Lau wangekuta mafuta yenye nta, yangetoka ardhini ya moto na kuingia moja kwa moja kwenye baridi hiyo.

Hapo ndipo bomba la ndani linapovishwa bomba la nje. La ndani hubeba mafuta. La nje huzuia bahari, na bahari ni nzito: kila mita 10 za kina huongeza uzito wa kama kilo 1 juu ya kila sentimita mraba, kwa hiyo kwenye mita 800 kila eneo la ukubwa wa ukucha wako hubeba kilo 80. Kati ya mabomba hayo huachwa mwanya, na mwanya hujazwa kitu chepesi kinachozuia joto. Pete za plastiki ngumu hulishikilia bomba la ndani lisiliegemee la nje. Mwanya sharti ubaki mkavu. Maji yakiingia, kile kitu chepesi huloa na joto hutoroka, na nta huanza kujenga ukuta ndani ya bomba.

Kuna faida nyingine ambayo mtu wa pwani hii hawezi kuipita kimya. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilitengwa mwaka 1968, ni miongoni mwa za kwanza kabisa barani Afrika, na matumbawe hayasamehi mafuta. Bomba la ndani likitoboka, la nje hubaki kuwa ngome ya pili, na vipimo vilivyomo mwanyani vinaweza kutoa habari mapema. Huko Alaska, mradi wa Oooguruk ulioanza kuzalisha mwaka 2008 ulilaza bomba ndani ya bomba chini ya bahari yenye barafu. Mimi naona kwamba kama ipo siku mafuta yatapita karibu na matumbawe yetu, bomba la ukuta mmoja lisikubaliwe.

Haya, tutoboe. Unataka tawi, basi unatoboa bomba la nje, unatoboa la ndani, unachomelea bomba la tawi kwenye tundu la ndani, unalitoa nje kupitia tundu la nje. Rahisi? Kuna mambo matatu yatakayokuharibia kazi.

La kwanza ni tundu lenyewe. Chuma kinachovutwa huugawa mzigo kwa usawa mwilini mwake kote, mpaka ukate sehemu iliyokuwa ikiubeba. Mwaka 1898 mhandisi Mjerumani Gustav Kirsch alionyesha kwa hesabu kwamba bamba tambarare lenye tundu dogo la duara, likivutwa upande mmoja, hupata kwenye ukingo wa tundu mkazo ulio mara 3 ya ule ulioko mbali na tundu. Ukingo ule ndipo ufa huzaliwa. Kanuni ya wahandisi wa mabomba ni ya haki kabisa: chuma ulichokitoa kwa kutoboa, kirudishe pembeni mwa tundu. Kwa kazi ya kina kirefu mara nyingi hawatoboi bomba hata kidogo. Wanaagiza tii iliyofuliwa kutoka donge moja la chuma, nene kwenye makwapa, pale mabomba mawili yanapokutana, halafu inachomelewa katikati ya njia kama kipande kamili.

La pili ndilo gumu, na nyinyi mmekwisha kuliona bila kujua mnaona nini. Bomba jeusi la plastiki la kupelekea maji shambani, likitandazwa juu ya mchanga kabla ya kufukiwa, saa saba mchana limejipinda huku na huko kama mtu aliyelala vibaya. Ukienda alfajiri limenyooka. Hakuna aliyelisukuma, jua limelirefusha na usiku umelifupisha. Chuma hurefuka kidogo kuliko plastiki, lakini bomba la chuma la kilomita 1 likipata joto la nyuzi 50 zaidi hurefuka kama sentimita 60. Bomba letu la ndani lina mafuta ya moto, la nje limeguswa na maji baridi. La ndani linataka kurefuka, la nje halitaki. Sasa kumbuka tawi lako ulilolichomelea kwenye la ndani na kulipitisha kwenye tundu la bomba la nje. La ndani likisogea, ukingo wa tundu la nje unalikaba tawi shingoni. Kila mafuta yanapoanza kutiririka na kila yanaposimamishwa, tawi linapindwa na kurudishwa, mpaka siku moja linakatika.

Dawa yake ni kuyafunga mabomba mawili pamoja kabla hayajafika penye tawi. Upande huu wa tii na upande ule huwekwa pete nene ya chuma kigumu, iliyochongwa kutoka kipande kimoja, inayochomelewa kwa bomba la ndani na kwa la nje kwa wakati mmoja. Nguvu ya kusukumana humalizikia kwenye pete. Tii inakaa katikati, haivutwi na bomba moja kuelekea huku na jingine kuelekea kule. Pete hiyo pia huziba mwanya, na hiyo ni baraka nyingine: maji yakiingia kwa bahati mbaya kwenye tii, mwanya wa bomba zima haulowi.

Lakini chuma hupitisha joto. Ile pete iliyoyafunga mabomba mawili imekuwa daraja la joto kutoka mafuta hadi bahari, na hivyo jambo la tatu ni baridi. Kwa sababu hiyo tii hufunikwa kwa nje kwa tabaka nene la kuzuia joto, linalomiminwa juu yake na kugandia umbo lake. Wengine huchagua njia nyingine: tii ya ndani huvishwa tii ya nje iliyokatwa vipande viwili, vinafumbatishwa na kuchomelewa, ili kuwe na mwanya hata kwenye tawi. Njia hiyo ni nzuri kwa joto, ila ina mishono mingi ya kuchomelea, na kila mshono lazima upigwe picha za kuona ndani ya chuma kabla haujakubaliwa. Mimi ningechagua tii moja nene. Mishono michache, wasiwasi mchache.

Kuna kitu kidogo nisichotaka kukisahau. Mabomba yenye nta husafishwa kwa kifaa kinachosukumwa na mafuta yenyewe kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, kikikwangua ukuta. Kikifika penye tawi pana, kichwa chake kinaweza kuzama kwenye mdomo wa tawi na kukwama. Basi mdomoni mwa tawi huchomelewa vyuma vyembamba kama nondo za dirishani. Mafuta hupita, kifaa hakipotei njia.

Mtauliza, kwa nini wasingoje mpaka tawi litakapohitajika, ndipo watoboe kama fundi wetu anavyofanya? Kwenye bomba la ukuta mmoja hilo linawezekana, hata likiwa linafanya kazi, kwa mashine maalumu. Kwenye bomba la kuta mbili ingebidi ulikate la nje kwanza, chini ya uzito ule wa bahari, na mwanya ungejaa maji hapo hapo. Kwa hiyo tawi hufikiriwa miaka kabla ya kutumika, mezani, bomba likiwa bado ni mistari kwenye karatasi.

Wakati mwingine jibu bora la mhandisi ni kutoweka tawi baharini kabisa. Tazameni Tanzania. Gesi ya kisiwa cha Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, na tangu 2004 husafirishwa kwa bomba la kilomita 25 chini ya bahari hadi bara, kisha kilomita 207 hadi Ubungo, Dar es Salaam, na tawi la kilomita 16 kwenda kiwanda cha saruji cha Wazo Hill. Mwaka 2015 likaongezwa bomba kubwa la inchi 36 kutoka Mtwara, na la inchi 24 kutoka Songo Songo likakutana nalo Somanga Fungu. Angalieni makutano yote hayo yako wapi: yako bara, mahali mtu anaweza kufika kwa gari akiwa na spana mkononi. Gesi iliyokaushwa haigandi kama mafuta yenye nta, kwa hiyo hawakuhitaji ukuta wa pili. Na kiwanda cha saruji cha Dangote kilipotaka gesi huko Mtwara, kilianza kuipata mwaka 2018 bila mtu kulowa.

Kwenye kina kirefu huna anasa hiyo. Visima viko mbalimbali, na kila kimoja kikipewa bomba lake hadi bara, gharama ingezidi thamani ya mafuta. Basi tii huwekwa ndani ya fremu ya chuma yenye bamba pana chini, isizame kwenye tope, na fremu hupita juu ya meli pamoja na bomba, ikiteremshwa baharini polepole huku bomba likizidi kuchomelewa nyuma yake. Tawi lisilo na kazi bado hupewa valvu, na juu ya valvu kifuniko. Valvu hukaribiana na bomba kuu kadiri iwezekanavyo. Sababu mnaijua sasa: mafuta yaliyosimama ndani ya tawi hayana kinachoyapasha, yatapoa na kuganda, na tawi refu lisilotumika ni kizibo cha nta kinachongoja siku yake.

Miaka ikipita, kisima kingine kikichimbwa karibu, hakuna mpiga mbizi anayeshuka mita 800. Roboti hushushwa kutoka melini ikiwa na taa na mikono miwili. Inasugua matope na viumbe vilivyojishikiza, inazungusha kifuniko mpaka kinatoka, inaongoza kipande cha bomba kilichopinda kikae kwenye mdomo wa tawi na kubana pete ya chuma inayozuia mvujo. Wanajaribu shinikizo, wanangoja saa kadhaa wakitazama kipimo. Mshale wake usiposhuka, mkono wa roboti unafungua valvu.