Tambi na Kababu: Je, ni Chakula cha Waitaliano?

Mama mmoja mtaani kwetu, apikaye vyakula vya kuuza, alitujia akiwa na dhiki. Mteja amemwambia kuwa zile tambi ndefu zenye kababu na mchuzi wa tungule, anazoziuza kwa jina la chakula cha Kiitaliano, si za Kiitaliano hata kidogo, na kwamba anawahadaa watu. Akatuuliza: "Sheikh, nimesema uongo?"

Tulimwomba subira, tukalitazama jambo lenyewe. Mwitaliano wa Roma akitengewa sahani ile atastaajabu. Kwao tambi huliwa mwanzo, na mchuzi wake. Nyama hufuata katika sahani nyingine. Kababu zao, waziitazo polpette, huliwa peke yake au hutiwa katika supu. Kuviunganisha vyote sahani moja kulienea Marekani. Baina ya 1880 na 1920 Waitaliano wapatao milioni 4 walihamia huko, wengi wao mafukara wa kusini ambao nyama waliionja kwa nadra. Ugenini wakaikuta nyama ni rahisi. Kababu walizokuwa wakizichanganya na mkate ili zitoshe watoto zikawa kubwa, zikawa nyingi, zikapandishwa juu ya tambi. Nasi hatuoni ajabu. Aliyeshinda na njaa akishika mwiko hapimi.

Lakini mteja naye asijigambe. Huko Teramo, katika mkoa wa Abruzzo, Waitaliano hula tambi zenye kababu, ila ni ndogo mno, kijiko kimoja hubeba kadhaa. Tena hizo tambi zina historia. Mwaka 1154 al-Idrisi, mwanajiografia wa Kiislamu (ndiye huyo huyo aliyeitaja Malindi yetu), aliandika kuwa Trabia, karibu na Palermo, hutengenezwa itriya kwa wingi na kupelekwa nchi za Waislamu na za Wakristo. Tungule nazo asili yake ni bara la Amerika.

Tukamwambia mama: andika "tambi na kababu za Waitaliano wa Marekani", hapo umesema kweli. Na chini yake andika kuwa nyama ni ya ng'ombe, ya halali, kwa kuwa mapishi mengi ya Kiitaliano huchanganya nguruwe, na hilo ndilo mteja ana haki ya kuliuliza kabla ya jina.

Ijumaa alituletea sahani. Kababu tano, na bizari tele, ambayo haikutoka Teramo wala Marekani.