Mtoto mwenye njia mpya ya mkojo: Kipimo cha vinasaba kinaona nini, na kinashindwa wapi?

Kwa mzazi ambaye mtoto wake amefanyiwa upasuaji wa kubadili njia ya mkojo, hakuna karatasi inayochosha kama ile ya majibu ya maabara. Kila mkojo ukipimwa, bakteria wapo. Mtoto anapewa dawa, anamaliza dozi, anapimwa tena, bakteria bado wapo. Safari hii ni wa jina jingine, au ni wale wale, lakini dawa ya mwezi uliopita haiwaui tena.

Siku hizi kinazungumzwa kipimo kingine: kusoma vinasaba (DNA) vya bakteria walio kwenye mkojo. Kinasifiwa kwamba kinaona hata wale ambao maabara ya kawaida haiwaoni. Sifa hiyo ni ya kweli. Lakini kwa mtoto huyu, kuona bakteria wengi zaidi si lazima iwe habari njema, na mzazi anahitaji kujua sababu kabla ya kutoa fedha yake.

Njia mpya ni ipi?

Wapo watoto wanaozaliwa na kibofu kikiwa wazi nje ya tumbo. Wapo wenye mgongo wazi, ambao mishipa ya fahamu ya kibofu haifanyi kazi, hivyo mkojo unabaki ndani na kurudi juu kuharibu figo. Dawa na mpira wa mkojo vikishindwa, daktari bingwa hutafuta njia nyingine.

Njia inayojulikana zaidi ilienezwa na daktari wa Marekani, Eugene Bricker, mwaka 1950. Kipande kifupi cha utumbo mwembamba hukatwa, mirija inayotoka kwenye figo huunganishwa nacho, na ncha yake hutolewa kwenye tundu la tumboni. Mkojo hutiririka muda wote kwenye mfuko uliobandikwa juu ya ngozi.

Mwaka 1980 daktari wa Ufaransa, Paul Mitrofanoff, alieleza njia inayotumiwa sana kwa watoto: kidole tumbo kinageuzwa kuwa mfereji mwembamba kutoka kwenye kibofu hadi tumboni, na mtoto hutoa mkojo kwa kuingiza mpira mara kadhaa kwa siku. Mara nyingi kibofu chenyewe huongezwa ukubwa kwa kipande cha utumbo.

Wapo na watu wazima. Saratani ya kibofu, ambayo katika maeneo yenye kichocho cha mkojo huchangiwa na ugonjwa huo, inaweza kulazimisha kibofu kizima kuondolewa. Wapo pia akina mama wenye fistula isiyoweza kuzibika. Yanayoelezwa hapa kuhusu bakteria yanawahusu wote.

Kwa nini bakteria hawakosekani?

Utumbo ni makazi ya bakteria tangu siku za mwanzo za maisha ya mtoto. Ukiuhamishia kwenye njia ya mkojo, hauachi tabia yake. Unaendelea kutoa ute, na bakteria wanaendelea kuishi juu yake. Tundu liko wazi kwenye ngozi, na mpira unaingia na kutoka kila siku.

Matokeo yake ni kwamba mkojo wa watoto wengi wa aina hii una bakteria muda wote, na mtoto anacheza, anakula, anakwenda shule. Hao ni wapangaji. Wanakuwa wagonjwa wetu pale tu wanapovamia mwili, hasa wakipanda kwenye figo.

Hata kijiti cha kupimia mkojo hupotosha hapa. Rangi yake hubadilika kwa sababu ya bakteria hao hao na chembe zinazotoka kwenye ukuta wa utumbo, hata kama hakuna ugonjwa wowote.

Kipimo cha zamani

Maabara ya kawaida huotesha mkojo. Tone linapakwa kwenye sahani yenye chakula cha bakteria, linawekwa kwenye joto, na baada ya siku moja au mbili wanaoota wanahesabiwa. Kisha wanajaribiwa dhidi ya dawa mbalimbali ili kujua ipi inawaua.

Idadi inayotajwa sana, bakteria 100,000 kwa mililita moja, inatokana na kazi ya Edward Kass wa Marekani katika miaka ya 1950. Alikuwa akipima watu wenye kibofu cha kawaida. Kwa mtoto ambaye mkojo wake unapita kwenye utumbo, kuvuka idadi hiyo peke yake hakusemi kwamba anaumwa.

Kipimo cha vinasaba kinavyofanya kazi

Hapa hakuna kinachooteshwa. Vinasaba vyote vilivyo kwenye mkojo vinatolewa, kisha sehemu inayotakiwa inanakiliwa mara nyingi kwa njia ya PCR, ile ile iliyozoeleka wakati wa Uviko-19.

Sehemu inayolengwa mara nyingi ni jini iitwayo 16S, yenye urefu wa herufi kama 1,500 za vinasaba. Kila bakteria anayo, lakini baadhi ya vipande vyake hutofautiana kati ya jamii na jamii. Mashine inasoma herufi hizo, kompyuta inazilinganisha na kumbukumbu ya bakteria wanaojulikana, na majina yanatoka.

Faida yake ni dhahiri pale mtoto ana homa na maumivu ya kiunoni, lakini sahani ya maabara haikuotesha kitu. Huenda alishapewa dawa kabla ya kupimwa, au bakteria husika ni wa aina isiyoota kwenye chakula cha kawaida. Kipimo cha vinasaba kinaweza kumtaja aliyejificha.

Pale kinapopotosha

Kwanza, kinasoma vinasaba vya bakteria walio hai na vya waliokwisha kufa. Mtoto anaweza kuwa ameshapona, na jina la mdudu bado likaonekana.

Pili, kinaona kila mtu. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Loyola, Chicago, walipima mkojo uliochukuliwa moja kwa moja kwenye kibofu cha wanawake. Walikuta vinasaba vya bakteria hata pale ambapo maabara ya kawaida haikuotesha chochote. Ikiwa kibofu cha asili kina wakazi, mkojo uliopita kwenye utumbo utaleta orodha ndefu zaidi. Kipimo kinataja waliomo nyumbani. Hakisemi nani amevunja mlango.

Tatu, kusoma 16S hakuonyeshi dawa ipi itafanya kazi. Vipo vipimo vinavyotafuta jini za usugu, lakini kuwapo kwa jini hiyo hakuonyeshi ni bakteria yupi kati ya wengi anayeibeba, wala kama yeye ndiye anayemuumiza mtoto. Kwa hiyo kuotesha bado kunahitajika.

Hatari iko hapa: orodha ya bakteria kumi na mbili inamtisha mzazi, na hofu inaomba dawa kali. Kila dozi isiyo ya lazima inaua wapangaji wapole na kuwaachia nafasi wale sugu. Siku figo zitakaposhambuliwa kweli, huenda dawa za kunywa zisisaidie tena, na mtoto akalazimika kulazwa kwa sindano.

Dalili ndizo zinazoamua

Kuchelewa nako kunaumiza, kwa sababu ugonjwa unaofika kwenye figo unaweza kuacha makovu. Ndiyo maana kigezo kikuu ni hali ya mtoto mwenyewe.

Mtoto apelekwe hospitali mapema akiwa na homa, kutetemeka kwa baridi, maumivu ya kiunoni au ubavuni, kutapika, au kulegea kusiko kawaida. Kwa mtoto mchanga, kukataa kunyonya au kulala kupita kiasi kunatosha. Mkojo ukiacha kutoka kabisa, au mpira ukishindwa kuingia, ni dharura.

Mkojo wenye ute, ukungu au harufu, bila dalili nyingine, mara nyingi ni kazi ya utumbo. Mtoto aongezewe maji ya kunywa na aangaliwe.

Kuna mambo ya pekee. Bakteria aina ya Proteus hufanya mkojo uwe katika hali inayojenga mawe, hivyo akijirudia, daktari anaweza kutaka kutafuta mawe hata kama mtoto hana homa. Vilevile kabla ya upasuaji wa njia ya mkojo, bakteria wanaweza kutibiwa bila kusubiri dalili.

Mkojo uchukuliwe wapi?

Kipimo chochote, cha bei nafuu au cha vinasaba, hakiwezi kuwa bora kuliko mkojo uliopelekwa. Mkojo wa kwenye mfuko haufai, kwa sababu bakteria wamezaliana humo kwa saa nyingi.

Kwa mtoto mwenye tundu, mfuko unatolewa, tundu linasafishwa, na muuguzi anaingiza mpira mpya safi. Matone ya kwanza yanaachwa, yanayofuata ndiyo yanayokusanywa. Kwa mtoto mwenye mfereji, mpira mpya utumike, si ule unaooshwa na kurudiwa. Sampuli ifike maabara haraka, au ihifadhiwe kwenye jokofu. Na ichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza ya dawa.

Maswali ya kumuuliza daktari

Kipimo cha vinasaba kikipendekezwa, mzazi hana haja ya kuona aibu kuuliza:

- Daktari, mtoto ana dalili gani zinazotufanya tupime leo?
- Je, mkojo umeoteshwa kwanza, na ulichukuliwa kwa mpira mpya?
- Majibu haya yatabadilisha matibabu yake kwa namna gani?
- Tukikuta bakteria na mtoto ni mzima, tutafanya nini?

Swali la tatu ndilo zito kuliko yote. Kama jibu ni kwamba matibabu hayatabadilika, fedha hiyo inaweza kununua mipira mipya na mifuko.

Daftari dogo la nyumbani nalo linasaidia: tarehe ya homa, kiwango cha joto, dawa aliyopewa, na siku aliyopata nafuu. Daktari akiliweka kando ya majibu ya maabara, ataona kwa urahisi bakteria yupi hutokea mtoto anapougua, na yupi yupo siku zote bila kumdhuru.